Maotea

Kibodi ya kompyuta iliyotoka Uingereza ina alama ya pauni juu ya tarakimu 3. Ukiibonyeza katika saiba nyingi za huku kwetu, pauni haitokei. Inatokea alama ya reli. Alama ya @ iliyochorwa jirani na kitufe cha Enter hutoa alama ya kunukuu, na anayeitaka @ yenyewe hana budi kubonyeza 2, ambapo pamechorwa kitu kingine kabisa. Pale Dundori hakuna anayelishangaa jambo hili. Mteja akija kufunguliwa baruapepe, mhudumu humwambia bila kuinua kichwa: "Usifuate maandishi, bonyeza mbili."

Mashine hizi tunaziita ex-UK, nyingi zikiwa HP EliteBook, Dell Latitude na ThinkPad zilizomaliza zamu yao katika ofisi na shule za Ulaya, zikafutwa, zikapakiwa kwenye kontena, zikauzwa upya Nairobi na Nakuru mjini. Aliyefuta alifuta diski. Kibodi haikumhusu. Nyuma ya moja niliyoigeuza juzi bado kulikuwa na kibandiko cha namba ya mali ya ofisi, kimekwaruzwa kwa kisu lakini msimbopau wake ukisomeka vizuri, na juu ya kamera kulikuwa na doa la gundi, alama ya mtu ambaye hakupenda kuangaliwa. Mpangilio wa kibodi uliowekwa ndani ulikuwa wa Kimarekani, kwa kuwa ndio unaokuja wenyewe mtu asipochagua. Kwa hiyo kwenye meza moja ya mbao, chini ya mabati yanayodondosha umande asubuhi, Uingereza iko kwenye vidole, Marekani iko kwenye skrini, na mkulima wa viazi anatafuta PIN yake ya kodi.

Dundori si mji mkubwa. Barabara inatoka Lanet, inapanda mlima kuelekea Ol Kalou, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyojua kwa nini kila mtu amevaa sweta. Kuna ukungu, kabeji, karoti, maziwa, na kuna Shangi, kiazi kilichosukuma aina nyingine zote pembeni. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini jiji hilo halikupanda mlima. Huku serikali bado hufikiwa kupitia chumba kimoja chenye kompyuta mbili tatu, printa, mashine ya kuleminetisha na benchi la kungojea. Hapo ndipo watu hujaza fomu za iTax, huomba cheti cha tabia njema kwenye eCitizen, huchagua vyuo vya watoto wao kwenye KUCCPS na kuomba mkopo wa HELB. Hapo ndipo pia ratiba za mazishi huchapwa, na nadhani hiyo ndiyo kazi muhimu kuliko zote, ingawa hakuna ofisi ya serikali inayoijua.

Mama mwenye saiba aliniita nimsaidie kufomati kompyuta yake kongwe. Haikuwa na kosa. Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haitambui rasmi vichakato vingi vya Intel vya kabla ya kizazi cha 8, basi mashine iliyokuwa nzima Jumatatu ikawa ya zamani Jumanne kwa tangazo la mbali. Alikuwa amepata mnunuzi, mzazi mmoja ambaye kijana wake ameitwa Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro. "Ifute kabisa," aliniambia, "irudi vile ilitoka kiwandani."

Nikaiwasha. Skrini ilikuwa imejaa faili hadi picha ya nyuma haionekani. Kulikuwa na faili la "barua ya kazi", la "barua ya kazi mpya", na la "barua ya kazi mpya kabisa". Kulikuwa na skani zenye namba tu, na ukizifungua unakuta vitambulisho vya watu, mbele na nyuma, na uso wa mtu umegeuka mweusi kama kawaida ya skana za bei nafuu. Kulikuwa na matokeo ya KCSE ya miaka mingi. Kulikuwa na folda ya mazishi peke yake, imepangwa kwa majina, kila jina na wasifu wake, wimbo wa kufungua, wimbo wa kuingia kaburini, na picha ya marehemu ambayo mara nyingi ilikatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, bega la jirani bado likionekana ukingoni. Mama hakuwahi kukusudia kutunza chochote. Kila mteja alimaliza shughuli yake, akalipa, akaenda zake, na mashine ikabaki na nakala. Hivyo ndivyo kijiji kinavyopata kumbukumbu zake: kwa uvivu wa kufuta.

Zamani kufomati kulikuwa kazi ya fundi aliyekuja na sidii zake katika mfuko wa plastiki. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kazi hiyo imo ndani ya mashine yenyewe. Inakuuliza kama unataka kubaki na faili zako au kuondoa kila kitu. Ukichagua kuondoa kila kitu, inauliza kama ishushe Windows mpya kutoka intaneti au itumie iliyomo ndani. Kushusha kunaweza kula zaidi ya gigabaiti 4, na mtu anayenunua bando la siku hahitaji kuelezwa maana ya hizo. Tukachagua ya ndani. Kisha kuna swali la mwisho, ambalo limefichwa kidogo na wengi hulipita: diski isafishwe pia, au faili ziondolewe tu?

Tofauti yake ni kubwa kuliko swali linavyoonekana. Kompyuta yenye diski ya kuzunguka inapofuta faili kwa njia ya kawaida, haiendi kwenye diski kuifuta. Inakwenda kwenye orodha inayosema faili fulani liko mahali fulani, inaliondoa jina hapo, na pale lilipokuwa panahesabiwa kuwa wazi. Yaliyomo yanabaki yalivyo mpaka siku kitu kingine kiandikwe juu yake, na siku hiyo inaweza isifike. Programu za kurejesha faili, zile za bure, huipita orodha na kusoma diski yenyewe.

Anayelima viazi atalielewa hili upesi kuliko mhandisi. Shamba la Shangi likishachimbwa huonekana tupu, udongo mweusi umegeuzwa wote, na mwenyewe anaweza kuapa kuwa hakikubaki kiazi. Anapanda karoti. Mvua inanyesha, na katikati ya mistari ya karoti Shangi inatokeza majani, maana ni kiazi kisichojua kulala muda mrefu. Maotea hayo hayana aliyeyapanda. Maafisa wa kilimo huyakemea kwa kuwa hubeba mnyauko wa bakteria kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Watoto huyapenda kwa sababu ni viazi vya bure. Na ndivyo ilivyo kwa diski ya mtumba: kuna wanaokuja kuichimba kwa udadisi, na kuna wanaokuja kwa njaa.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha walichokipata baada ya kununua diski 158 za mitumba. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 pekee ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki kwa maelfu na habari za matibabu ya watu. Moja ilionekana kuwa ilitoka kwenye mashine ya kutolea pesa katika jimbo la Illinois, ikiwa bado na namba za akaunti. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, walinunua diski katika soko la Ghana, na ndani ya moja iliyouzwa kwa dola 40 wakakuta nyaraka za mikataba ya Northrop Grumman, kampuni inayoiundia serikali ya Marekani silaha. Sisi tumezoea kuhofia kwamba data zetu zinachukuliwa na kupelekwa Ulaya na Marekani. Hizi zilisafiri upande wa pili, kwenye kontena, pamoja na friji mbovu.

Nilimweleza mama haya kwa kifupi. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hivyo vitambulisho vya watu vitabaki humo, hata nikiuza?" Vitabaki, nikamwambia, tusipochagua kusafisha. Tukachagua kusafisha.

Hapo ndipo subira inapoanza. Diski ya aina ya zamani, ile inayozunguka, yenye gigabaiti 500, ikiandikwa kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde, huhitaji sekunde 5,000 kupitiwa mara moja, yaani saa moja na dakika zaidi ya 20. Mafundi wengi husimulia kwamba lazima ipitiwe mara 35. Simulizi hilo lina mwenyewe: Peter Gutmann wa New Zealand aliandika mwaka 1996 juu ya mipito 35, iliyokusudiwa teknolojia mbalimbali za diski za wakati ule, na hakusema kwamba kila diski ipitiwe yote. Mtu akilifuata simulizi hilo kwa diski yetu angekaa siku mbili mchana na usiku. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani uliorekebishwa mwaka 2014 ulitosheka na mpito mmoja kwa diski za sumaku, na hiyo ni heri kwetu, kwa sababu mvua ya alasiri ikianza kwenye msitu wa Dundori stima nayo huanza kuyumba, na betri ya ex-UK si ya kutegemewa. Stima ikikatika katikati ya kusafisha, unaweza kubaki na mashine isiyo ya kiwandani wala ya saiba, inayowaka na kuuliza iko wapi Windows.

Lakini kabla ya kubonyeza, mama alinizuia mkono. Alikuwa amekumbuka folda moja.

Ndani yake mlikuwa na karatasi za ardhi. Baadhi ya familia za huku zilipata mashamba kupitia kampuni za kununua ardhi za miaka ya 1960 na 1970, Ngwataniro na nyinginezo, ambazo wanachama walichanga pesa, wakapewa vyeti vya hisa, kisha wakangojea, wengine miaka mingi, hadi hisa igeuke ekari na ekari igeuke hati. Cheti cha hisa ni karatasi nyembamba. Huwekwa ndani ya Biblia au chini ya godoro, hutolewa siku ya kesi ya urithi, huletwa saiba kuskeniwa kwa ajili ya wakili, na katika kurudi nyumbani kwenye matatu, mvua ikiwapo, lolote linaweza kutokea. Mama aliwajua watu wawili ambao nakala yao ya pekee iliyobaki ilikuwa humu, kwenye mashine tuliyotaka kuisafisha ili tulinde faragha yao.

Kaunti hii ya Nakuru haihitaji kufundishwa kufutwa ni nini. Januari 2008, nyumba zilipochomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukawa kambi, na miongoni mwa waliofika hapo walikuwamo watu wasio na hata kitambulisho mfukoni. Kilichofuata baada ya moto kilikuwa foleni: ya kitambulisho kipya, ya cheti cha kuzaliwa, ya barua ya chifu kuthibitisha kwamba wewe ni wewe. Anayesifu uzuri wa kuanza upya bila chochote, mara nyingi ni mtu ambaye vyeti vyake viko salama mahali pengine.

Na hili ndilo linalonikera katika lugha ya kiwandani. Tunaambiwa mashine inarudi mwanzo, na kila kitu kinaondoka. Kinachoondoka ni kile kisicho na nakala kwingine: picha ya shosho, cheti cha hisa, barua ya mtu aliyefariki. Kilicho na mwenye nguvu kinabaki. Chukua simu zinazouzwa kwa malipo ya kila siku, kama zile za Lipa Mdogo Mdogo zilizoanza mwaka 2020 kwa shilingi 20 kwa siku. Ukikosa kulipa simu inafungwa, na ukiirudisha kiwandani inawaka ikiwa bado imefungwa, kwa kuwa kufuli halikai kwenye vitu vyako. Linakaa juu yavyo. Deni nalo halikuwa ndani ya simu hata siku moja. Ukichelewesha mkopo wa simu, jina lako linaweza kupelekwa kwa CRB, wanaotunza kumbukumbu za wakopaji, na habari mbaya hubaki huko miaka 5 baada ya kumaliza kulipa. Hakuna kitufe chake. Vijana wawili watatu wameniletea simu ya namna hiyo wakitaka nifomati, wakiamini kuna hila ambayo fundi wa mjini hataki kuwafunulia. Sikuwa nayo, na kusema kweli wauzaji wa hila hizo mjini ndio wanaopaswa kuogopwa kuliko kufuli lenyewe.

Sheria inatambua kwamba kuna kitu cha kudai hapa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema, kifungu cha 39, kwamba data ya mtu isishikwe kupita muda unaohitajika, na kifungu cha 40 kinampa mtu haki ya kuomba data yake isahihishwe au ifutwe ikiwa ni ya uongo, imepitwa, imezidi au ilipatikana kinyume cha sheria. Kuna Kamishna wa Data tangu mwaka 2020. Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida haidaiwi kujisajili kwake, na saiba ya Dundori iko mbali sana na mpaka huo, lakini kutosajiliwa si kusamehewa. Kwa hesabu ya sheria, mama alikuwa mkosaji miaka yote aliyoacha vitambulisho vya watu kwenye skrini ambapo yeyote aliyekaa kwenye kiti angeweza kuvifungua. Kwa hesabu ya watu wake, alikuwa mtunza nyaraka. Naona hesabu zote mbili ni sahihi, na sheria imeandikwa kwa kuiwazia ya kwanza tu.

Tulichofanya hakikuwa kizuri sana kisheria. Vitambulisho, PIN, matokeo na barua za kazi hatukuvinakili, kwa kuwa wenyewe wana nakala halisi au wanaweza kuvipata tena. Karatasi za ardhi na folda ya mazishi tulizihamishia kwenye diski ya nje, mama akaifungia kwenye droo pamoja na vitabu vya risiti, akabandika tangazo mlangoni kwamba mwenye nyaraka aje na fleshi. Wachache walikuja. Babu mmoja, guka kama tunavyosema huku, alikuja bila fleshi, akasikiliza maelezo yote kwa adabu, akasema kwamba zake ziachwe hapo hapo zilipo, maana nyumbani kwake kuna panya na kuna wana.

"Sasa guka, na mimi nikifunga saiba?" mama akamuuliza.

"Utafunga uende wapi?" guka akajibu, akaaga.

Kusafisha kulikwisha jioni, stima ikiwa imetuhurumia. Mashine ikawaka kwa rangi ya bluu na maswali yake: nchi gani, kibodi gani, mtandao gani, akaunti ya nani. Saa yake ilisema ni asubuhi na mapema, huku nje giza likiingia na maroli ya kabeji yakiwasha taa, kwa sababu mashine isiyojua iko wapi hudhani iko kwenye saa za Pasifiki, pwani ya magharibi ya Marekani, kule yaliko makao makuu ya Microsoft. Wakati ule wa mwaka tofauti ilikuwa saa 11. Kiwandani, kumbe, ni mahali. Kuna lugha yake, saa zake, kivinjari chake kilichotangulia kuchaguliwa, na programu za majaribio zinazosubiri ulipie. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha, lakini lazima uende kukitafuta. Mashine tuliyoiita tupu ilikuwa imejaa mapendeleo ya watu wengine. Tulichokuwa tumekiondoa ni Dundori peke yake.

Mnunuzi alikuja kesho yake. Akafungua kifuniko, akatazama skrini safi yenye kikapu cha taka na picha ya anga, akapitisha kidole kwenye padi huku na huku kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Mbona haina kitu?"

Mama akamweleza kwamba imefutwa, ni kama mpya, hakuna siri ya mtu ndani. Hilo halikumfurahisha hata kidogo. Alitaka ije na Word, na kicheza video, na zile filamu alizoziona mara ya kwanza alipokuja kuitazama. Kijana anakwenda Njoro, atakaa hosteli, usiku atafanya nini? Mashine iliyojaa, akasema, ndiyo aliyopatania bei. Wakabishana kwa upole, akitajwa Mungu mara mbili, na mwishowe mama akashusha shilingi 500 kwa sababu ya utupu, pesa ambazo mzazi alivuka nazo barabara moja kwa moja hadi kwenye duka la filamu kwenda kujaziwa.